Mto Upimwe Kabla ya Kuchora Daraja

Wanafunzi wa sekondari wakipewa mradi wa kubuni daraja la kijiji chao, aghalabu huanza kwa vijiti na gundi. Hutengeneza kielelezo, hukipakia mawe hadi kivunjike, na sifa hupewa kundi ambalo kielelezo chake kimestahimili mzigo mkubwa kuliko vingine. Zoezi hilo lina manufaa, lakini limeanzia mwisho. Daraja lililo juu ya mto huangushwa zaidi na maji yapitayo chini yake kuliko na mizigo ipitayo juu yake. Kwa hiyo mradi wa namna hii yafaa uanzie mtoni.

Historia ya njia ya misafara yaonyesha jambo hilo waziwazi. Wapagazi wa Kinyamwezi waliotembea kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji walibeba mizigo ya frasila mbili hivi, yaani kilo 32, kwa mamia ya kilometa. Lakini walipofika Mto Malagarasi iliwabidi wasimame. Burton na Speke mwaka 1858, na Stanley mwaka 1871, walivushwa kwa mitumbwi baada ya kulipa ushuru, na punda mmoja wa Stanley alikamatwa na mamba alipokuwa akivushwa. Reli, iliyofuata karibu njia hiyo hiyo, ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Hata hivyo, mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 yaliiharibu kati ya Kilosa na Gulwe, na safari za treni zikasimama kwa miezi kadhaa. Ikiwa reli kuu ya nchi yaweza kushindwa na maji, sembuse daraja la kijiji.

Tabora hupata mvua kati ya Novemba na Aprili, kisha hukauka. Bonde ambalo mwezi Agosti ni vumbi na nyufa, mwezi Machi huweza kugeuka ziwa. Udongo mweusi wa mbuga nao huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, hata misingi mifupi ikayumba. Mhandisi anayefika wakati wa kiangazi huona mchanga mtupu. Vijito vidogo aghalabu havina kumbukumbu yoyote ya vipimo. Basi wazee huulizwa, na ukubwa wa njia ya maji hukadiriwa. Kadirio likiwa dogo mno, maji hulizunguka daraja na kuzoa tuta la barabara, nalo hubaki limesimama peke yake katikati ya mkondo. Likiwa kubwa mno, fedha ambazo zingejenga daraja la pili humalizikia katika la kwanza.

Hapo ndipo shule yaweza kusaidia. Wahandisi huhamishwa na miradi humalizika, lakini shule hubaki. Wakati wa kiangazi wanafunzi wasimike nguzo yenye alama kila sentimeta 10, na kupima umbo la mto kutoka ukingo hadi ukingo. Mvua zikianza, kina kisomwe kila asubuhi kutoka ukingoni, bila mtu yeyote kuingia majini. Kasi hupatikana kwa kutupa kijiti na kuhesabu sekunde kinazotumia kusafiri meta 20. Tuseme mto una upana wa meta 6 na kina cha wastani cha meta 1.5, eneo la maji ni meta za mraba 9. Kijiti kikitumia sekunde 16, kasi ya juu ni meta 1.25 kwa sekunde. Kwa kuwa maji ya chini huenda polepole zaidi, kasi hiyo huzidishwa kwa takriban 0.8, ikawa meta 1. Basi kila sekunde hupita meta za ujazo 9, yaani tani 9 za maji. Hilo ndilo swali ambalo daraja lazima lilijibu kwanza.

Baada ya hapo hesabu za boriti huwa na maana. Boriti ya mninga yenye upana wa sentimeta 20 na unene wa sentimeta 10, ikisimamishwa kwa ubavu, hubeba mara mbili ya mzigo inaoubeba ikilazwa, kwa sababu nguvu yake hufuata kipeo cha pili cha kimo chake. Na mahali penye mawe, upinde nao ufikiriwe. Mkoani Kigoma madaraja ya mawe yamejengwa kwa gharama ndogo kuliko ya zege, kwa kuwa katika upinde mawe hubanwa tu, wala hayahitaji nondo.

Wako watakaosema kwamba wanafunzi si wahandisi. Ni kweli, na shule isijenge daraja la kupitisha watu kabla mchoro haujakaguliwa na mhandisi aliyesajiliwa. Lakini kusoma kina cha maji hakuhitaji shahada. Kwahitaji uaminifu na kutochoka. Daftari likirithishwa mwaka hadi mwaka, baada ya miaka 10 litamfaa mhandisi wa wilaya kuliko vielelezo vyote vya vijiti.

Tena, daftari hilo lilinganishwe na rejesta ya mahudhurio. Zihesabiwe siku ambazo mto ulipita alama fulani na wanafunzi wa ng'ambo wasionekane darasani. Halmashauri huletewa maombi mengi ya madaraja; yale yatakayoambatana na hesabu ya siku za masomo zilizopotea, pamoja na kipimo cha maji yaliyozipoteza, hayatakuwa rahisi kuwekwa kando. Kwa mwalimu wa fizikia anayetaka kuanza, nguzo, rangi na daftari vyatosha, mradi viwe tayari kabla ya Novemba.