Kilichokatwa Kimyakimya Kirudishwe



Mkazi wa Salale anayehitaji mkopo wa benki huondoka kwake alfajiri. Wengine huanza safari kwa mtumbwi katika mikondo ya delta kabla ya kuifikia barabara iendayo Kibiti mjini. Jioni hurudi na fedha pungufu kuliko zile zilizoandikwa katika mkataba. Akiulizwa nyumbani zilizobaki zimekwenda wapi, hujibu kwa neno moja: makato. Chini ya neno hilo zimejificha fedha ambazo pengine mkopaji anapaswa kurudishiwa, na ndiyo maana tumeona hatuna budi kuwaandikia.

TUONE

Miongoni mwa makato hayo imo bima ya mkopo. Kwa asili yake bima hiyo si kitu kibaya. Shabaha yake ni kwamba mkopaji akifariki dunia, au akipata ulemavu wa kudumu, kampuni ya bima ilipe salio la deni, ili familia isiachiwe mzigo. Hatuilaani bima. Tunalaani kuiuza gizani, pale ambapo mkopaji hasomewi masharti, hapewi nakala ya hati, wala haambiwi kwamba benki yenyewe, inapokuwa wakala wa bima, hupata kamisheni kwa kila bima inayouzwa.

Giza hilo huzaa madhara. Tuchukue mfano wa baba aliyekopa kwa ajili ya mashine ya boti, akakatwa bima, kisha akafariki. Mjane wake hajui kwamba bima ilikuwepo, kwa kuwa hakuna karatasi yoyote nyumbani. Anaendelea kulipa, na inapomwelemea anauza mikorosho aliyoachiwa na mumewe. Analipa deni ambalo huenda bima ilipaswa kulimaliza tangu siku ile ya maziko.

Tuchukue mfano wa pili, wa mwalimu aliyekopa shilingi 5,000,000 kwa miezi 24, akakatwa shilingi 100,000 za bima ya miezi yote 24. Baada ya miezi 12 anaongezewa mkopo: ule wa kwanza unafungwa, mpya unafunguliwa, naye anakatwa bima nyingine nzima. Sehemu ya bima ya kwanza ililipia miezi 12 ya mkopo ambao haupo tena. Fedha hizo zimekwenda wapi? Asipouliza, hakuna atakayemwambia.

TUAMUE

Wapo watakaotujibu kwamba mkopaji alitia sahihi. Naam, alitia. Lakini sahihi ya mtu aliyeonyeshwa mahali pa kuandika, asionyeshwe kilichoandikwa, haiwezi kuitwa ridhaa. Wapo pia watakaosema kwamba kiasi chenyewe ni kidogo. Tunawajibu kwamba kidogo hicho, kikikusanywa kutoka kwa kila mkopaji, huwa mali kubwa. Na kama kweli ni kidogo, kukirudisha kusiwe taabu kwa benki.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya wanyonge wa delta peke yao. Nchini Uingereza mabenki yaliuza bima ya namna hii kwa miaka mingi, juu ya mikopo na juu ya kadi za mikopo. Watu waliojiajiri na wastaafu waliuziwa kinga ambayo hawakuweza kunufaika nayo, na wengine hawakujua kabisa kwamba wamekatiwa bima. Mwaka 2006 mjane mmoja, mwalimu wa chuo, alikopa pauni 34,000 na kutozwa pauni 5,780 za bima. Hakuambiwa kwamba zaidi ya asilimia 71 ya malipo hayo ilikuwa kamisheni ya waliomuuzia. Novemba 2014 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba kumficha jambo kubwa kiasi hicho kulifanya uhusiano wake na mkopeshaji kuwa usio wa haki. Tarehe 29 Agosti 2019 ilikuwa ya mwisho kwa wananchi kupeleka madai yao, na kwa jumla mabenki yalirudisha zaidi ya pauni bilioni 38. Huko nako wapo waliokuwa wametia sahihi.

Kwetu sisi Wakristo hukumu hiyo si ngeni. Katika kitabu cha Nehemia, sura ya 5, watu wa kawaida wanalia kwamba wameweka rehani mashamba na nyumba zao ili wapate nafaka. Nehemia hakuishia kuwaambia wenye mali wasirudie tena. Aliwaamuru warudishe mashamba, na pamoja nayo ile sehemu ya mia waliyowatoza wenzao. Zakayo naye, katika Injili ya Luka sura ya 19, hakuishia kutubu kwa maneno, bali aliahidi kurudisha mara nne. Toba isiyorudisha kilichochukuliwa haijakamilika.

Dawa ya deni ni kulipa, nasi hatumfundishi mwamini yeyote kukwepa deni lake. Lakini methali hiyo haikutungwa kwa ajili ya mkopaji peke yake. Benki iliyochukua isichostahili nayo ni mdaiwa, na dawa yake ni ileile.

TUTENDE

Kwanza, kila mwenye mkopo aombe kwa maandishi mchanganuo wa makato yote na nakala ya hati ya bima, na abaki na nakala ya barua yake iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Karatasi hizo zihifadhiwe nyumbani, mahali ambapo mume na mke wote wanapajua.

Pili, akiona kasoro, aanze kulalamika kwenye benki yenyewe. Zipo kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mlaji wa huduma za fedha, na asiporidhika na jibu anaweza kupeleka lalamiko lake Benki Kuu ya Tanzania. Kuhusu bima yenyewe, Sheria ya Bima ya mwaka 2009 iliweka Mamlaka ya Usimamizi wa Bima pamoja na Msuluhishi wa migogoro ya bima.

Tatu, tujihadhari na vishoka watakaojitokeza kudai kwa niaba yetu ili wagawane nasi. Uingereza walichukua sehemu kubwa ya fedha za watu, hata ikabidi sheria ya mwaka 2018 iwawekee kikomo cha asilimia 20. Barua ya madai inaweza kuandikwa na katibu wa jumuiya au katekista, bila malipo.

Nne, viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo wanapokwenda kufariji msibani, siku za maombolezo zikiisha, waulize kwa upole: je, marehemu alikuwa na mkopo, na je, ulikuwa na bima? Wasaidie hata jirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi katika eneo letu. Makato hayaulizi dini ya mtu, nasi tusiiulize.

Tano, tuanze na nyumba zetu wenyewe. Vipo vikundi vyetu vya kuweka na kukopa vinavyokata fedha za mfuko wa maafa bila mwanachama kujua atalipwa nini wala lini. Hatuwezi kuidai benki uwazi ambao sisi wenyewe hatuutoi.

Kwa mabenki tuna neno moja. Hatuwaombi sadaka. Msisubiri mjane avuke maji kuja kuwauliza. Mnayo majina yetu katika vitabu vyenu, na mlipotaka marejesho hamkushindwa kutupata. Tafuteni waliokatwa wasichopaswa kukatwa, na muwarudishie.