Upinde Uliostaafu Vita

Miongoni mwa madai yapendwayo na wasimulizi wa sanaa za vita za Japani, hakuna linalokaririwa kwa wepesi kuliko lile la kwamba sanaa hizo zimetufikia kama zilivyokuwa, toka mkono wa shujaa wa kale hata mkono wa mwanafunzi wa leo, pasipo kuongezwa wala kupunguzwa. Toleo hili, ambalo sehemu yake kubwa tumeitenga kwa ajili ya kyudo, sanaa ya upinde, lina hoja iliyo kinyume: kwamba upinde wa Kijapani ungali hai kwa sababu kila zama ziliutwika kazi mpya, na kwamba heshima yake haipungui kwa kuyakiri mabadiliko hayo.

Ukale wa upinde wenyewe hauna shaka. Waandishi wa Uchina wa karne ya 3, walipoeleza desturi za watu wa visiwa vile, walitaja upinde mfupi upande wa chini na mrefu upande wa juu. Na ndivyo ulivyo hata sasa, kwani kimo chake hupita mita 2, umbo lake ni la mianzi na mbao zilizogandamanishwa, na mkono huushika si katikati bali karibu na theluthi ya kutoka chini. Kwa karne nyingi huo ulikuwa silaha ya kwanza ya samurai, na sifa ya shujaa ilipimwa kwa farasi na uta kabla ya kupimwa kwa upanga. Hata madhehebu mawili makubwa yakatokea: la Heki, linalonasibishwa na Heki Danjo Masatsugu wa karne ya 15, ambalo lilijali mshale upenye na ufike, na la ukoo wa Ogasawara, lililohifadhi adabu na taadhima ya kurusha mbele ya wakuu na juu ya farasi.

Walakini mwaka 1543 Wareno walishuka katika kisiwa cha Tanegashima wakiwa na bunduki, na kufikia mwaka 1575, majeshi ya Oda Nobunaga yalipowaangusha wapanda farasi wa Takeda huko Nagashino, kila mwenye macho alikwisha ona ni silaha gani itakayotawala. Baada ya hapo ukaja utawala wa Tokugawa, na amani iliyodumu zaidi ya miaka 200. Silaha iliyoshindwa na bunduki na kunyimwa vita ilikuwa na kila sababu ya kutupwa. Lakini haikutupwa, maana ilipewa uwanja mwingine.

Uwanja huo ulikuwa ukumbi wa Sanjusangendo mjini Kyoto, nyumba ya ibada yenye masanamu 1,001 ya Kannon, na baraza ya nyuma ambayo urefu wake ni mita 120 hivi. Mpiga mishale aliketi upande mmoja wa baraza, akatakiwa kuupeleka mshale hata upande wa pili, chini ya mapaa, pasipo kugusa boriti, nguzo wala sakafu. Na shindano lililotukuzwa kuliko yote lilikuwa lile la kurusha usiku na mchana, saa 24 mfululizo. Mwaka 1669 Hoshino Kanzaemon wa jimbo la Owari alipitisha mishale 8,000 katika 10,542. Na mwaka 1686 Wasa Daihachiro wa jimbo la Kii, kijana bado, akarusha mishale 13,053 na kupitisha 8,133, ambayo ni kadiri ya mishale 9 kila dakika, ukijumlisha hata muda wa kula na kuvuta pumzi. Owari na Kii yalikuwa majimbo ya matawi mawili ya ukoo mmoja wa Tokugawa, nayo yalitafuta kwa mishale ile fahari ambayo amani haikuyaruhusu kuitafuta kwa damu.

Tunaitaja habari hii kwa kituo kwa kuwa imeacha ithibati inayoshikika. Shujaa wa vitani alivaa glavu laini, kwa sababu dakika yoyote angeweza kulazimika kuuacha ugwe na kuukamata upanga. Glavu ya mwanafunzi wa leo ina dole gumba lililokazwa kwa kitu kigumu, ambalo lingemwangamiza mtu vitani, lakini huuokoa mkono unaovuta mara elfu. Kwa hiyo hata kitu kilicho karibu mno na mwili wa mpiga mishale hakikurithiwa kutoka vitani, bali kilizaliwa baada yake.

Mageuzi yaliyoanza mwaka 1868 yaliondoa tabaka la samurai, na sanaa zao nyingi zikadharauliwa kama takataka za jana. Hapo Honda Toshizane aliwafundisha wanafunzi wa chuo kikuu cha Tokyo, akiuinua upinde mbele ya uso kwa namna ya adabu ya Ogasawara, na kuumalizia kwa mvuto wa Heki. Wahafidhina walimlaumu kwa kuchanganya damu mbili, na leo njia yake ndiyo iliyoenea kuliko zote. Mwaka 1895 ikaundwa Dai Nippon Butokukai kuzisimamia sanaa za vita, nayo katika miaka ya 1930 ilijaribu kuwalazimisha wote wafuate namna moja, ikaambulia ugomvi. Baada ya vita vilivyoisha mwaka 1945 jumuiya hiyo ilivunjwa. Shirikisho jipya la kyudo likasimama mwaka 1949, na kitabu chake cha mafunzo cha mwaka 1953 kikawa na busara ya kukubali njia zaidi ya moja za kuuinua upinde mbele ya shabaha ile ile, yenye upana wa sentimita 36 na umbali wa mita 28.

Imebaki sifa ya kyudo iliyovuma zaidi nje ya Japani, kwamba ni ibada ya Zen yenye sura ya mchezo. Sifa hii imeenezwa zaidi na Eugen Herrigel, Mjerumani aliyefundisha falsafa mjini Sendai toka 1924 hata 1929, akajifunza upinde kwa Awa Kenzo kwa msaada wa mkalimani, na mwaka 1948 akatoa kitabu kilichosomwa duniani kote. Mwanachuoni Yamada Shoji, katika makala yake iliyotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 2001, alionyesha kwamba Awa hakupata malezi ya Zen kwa mwalimu yeyote, na kwamba mafundisho yake yalikuwa yake mwenyewe, yakapingwa vikali na wapiga mishale wengi wa zama zake. Wapo watakaosema kwamba uchunguzi wa namna hii huiua sanaa. Sisi twaona huirudishia watu wake: Wasa na mashindano yake, Honda na ujasiri wake, na Awa mwenyewe, ambaye alistahili kukumbukwa kwa fikira zake alizozianzisha kuliko kwa dini ambayo hakuwa mwanafunzi wake.

Twamsihi basi msomaji, katika kurasa zifuatazo, asiulize ni kyudo ipi iliyo ya kweli, ya vitani, ya barazani, ya shuleni au ya rohoni. Na aulize kila zama zilitaka nini kwa upinde, na nani aliyejibu. Kwani sanaa isiyokuwa na mtu wa kuibadilisha imekosa pia mtu wa kuirithi.