Umma Haushirikishwi kwa Lugha Usiyoielewa

Januari 2025 serikali ilitoa rasimu ya mkakati wa kitaifa wa akili unde, ikawaalika wananchi watoe maoni. Machi mwaka uo huo mkakati ukazinduliwa. Hapana shaka kwamba mwaliko huo ulilingana na Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010, kinachoutaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Lakini je, aliyealikwa ni nani hasa?

Rasimu niliyoisoma iliandikwa kwa Kiingereza. Katiba iyo hiyo, katika Kifungu cha 7, yasema Kiswahili ni lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Mwenye kibanda aombaye mkopo kwa simu, programu ya kompyuta ikaamua kama anastahili au la, jambo hili lamhusu kuliko linavyonihusu mimi mhadhiri. Atatoaje maoni juu ya waraka asiouelewa?

Wapo wadaio kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kutosha. Dai hilo halina msingi. Hapa Kenya twasema akili unde, Tanzania akili mnemba, na wengine akili bandia. Istilahi zipo, kinachokosekana ni nia ya kuzitumia.

Yafaa kila rasimu ya aina hii itolewe kwa Kiswahili siku ile ile, isomwe redioni na ijadiliwe barazani kabla ya kupitishwa. Nanyi walimu, ifikisheni madarasani. Mgeni aalikwaye kisha akafungiwa mlango, hakualikwa.