Gari la fowili halinunuliwi tairi moja moja

SOKO la matairi ya magari madogo nchini Tanzania lina desturi moja iliyozoeleka mno kiasi kwamba haimshangazi mtu tena. Bei hutajwa kwa tairi moja. Mteja huingia dukani Kariakoo au Ilala, hutaja saizi, huambiwa bei ya tairi moja, na kupunguziana huanzia hapo. Mwenye fedha ya mawili hununua mawili, mwenye fedha ya moja hununua moja, na yaliyobaki husubiri mwisho wa mwezi mwingine.

Kwa gari linalovuta kwa magurudumu mawili, utaratibu huo unavumilika. Kwa gari linalovuta kwa magurudumu yote manne wakati wote, ni njia ya uhakika ya kuokoa laki moja leo na kulipa mamilioni kesho. Kwa gari hilo bidhaa ni seti ya matairi manne. Muuzaji anayetaja bei ya tairi moja, na mnunuzi anayeipokea, wote wawili wanafanya hesabu isiyokamilika.

Magari yanayohusika si machache. Subaru Forester na Impreza, Toyota RAV4 na Harrier, Nissan X-Trail na mengine ya aina hiyo yamekuwa yakiingia kutoka Japani yakiwa yametumika, na mengi yake ni ya fowili ya kudumu. Si yote, kwa kuwa baadhi ya aina hizo hutengenezwa pia zikivuta mbele tu, hivyo mwenye gari athibitishe kwanza alichonacho. Fowili ya kudumu pia si sawa na ile ya pikapu ambayo dereva huingiza mwenyewe kwa gia akifika kwenye tope na kuitoa akirudi kwenye lami. Kwenye fowili ya kudumu, ekseli ya mbele na ya nyuma zimeunganishwa muda wote.

KINACHOUMIA NI DIFU

Kati ya ekseli hizo mbili kuna kifaa cha kugawa nguvu. Katika baadhi ya magari ni difu ya kati inayosaidiwa na mafuta mazito ya silikoni, na katika mengine ni klachi ya sahani nyingi inayoongozwa kwa umeme. Kazi yake ni kuruhusu tofauti ndogo ya mzunguko gari linapokata kona, na kukaza pale ekseli moja inapoteleza.

Tairi lililochakaa ni dogo kuliko jipya. Chukua saizi 215/60R16, ambayo hutumika kwenye Forester nyingi za zamani. Likiwa jipya lina kipenyo cha milimita 664 hivi. Meno yake yakiisha kwa milimita 4, kipenyo kinapungua kwa milimita 8. Kwa hesabu ya kawaida, tairi hilo lililochakaa litazunguka karibu mara sita zaidi katika kila kilomita moja kuliko jipya. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, mwendo wa kilomita zipatazo 190, tofauti inapita mizunguko elfu moja.

Mwenye gari aliyefunga mawili mapya mbele na kuacha mawili ya zamani nyuma amekiambia kifaa hicho kwamba ekseli ya nyuma inateleza, njia nzima, kwenye lami kavu. Mafuta yanapata moto, sahani zinasuguana. Hakuna taa itakayowaka siku ya kwanza wala ya thelathini. Bandu bandu huisha gogo. Dalili huja baadaye, gari likianza kugoma kwenye kona kali kana kwamba limeshikwa breki. Hapo fundi huanza kuzungumzia giaboksi ya mtumba, na bei ya tairi moja husahaulika.

Subaru ya Marekani huwaelekeza wateja wake kwamba tofauti ya mzingo kati ya tairi na tairi isizidi robo ya inchi, yaani milimita 6 na ushee. Ukiigeuza kuwa kina cha meno, hiyo ni tofauti ya milimita moja tu. Watengenezaji wengine hulegeza kidogo hadi milimita mbili au tatu. Hakuna anayeruhusu jipya kabisa likae pamoja na lililobakiza nusu.

MAJIRA YOTE YA NANI?

Jambo la pili ni maneno yanayotumika kuuzia. Matairi mengi hutangazwa kuwa ni ya "majira yote". Jina hilo lilizaliwa Marekani, ambako Goodyear iliingiza sokoni tairi la Tiempo mwaka 1977 ili dereva asilazimike kubadili matairi baridi inapoingia. Majira yaliyokusudiwa ni kiangazi cha huko pamoja na theluji nyepesi.

Theluji ya Tanzania iko juu ya Kilimanjaro, ambako hakuna barabara ya gari. Majira ya mnunuzi wa hapa ni masika ya Machi hadi Mei, vuli ya Oktoba hadi Desemba, na jua la katikati. Kinachotakiwa ni tairi linalotoa maji chini ya gari haraka, lisilolainika kwenye lami ya moto, na lenye ubavu unaostahimili mashimo na changarawe.

Kwa hiyo alama za M na S zilizochapwa ubavuni, ambazo maana yake ni tope na theluji, hazimwambii mengi. Mtengenezaji huziweka mwenyewe kwa kuangalia umbo la meno, bila kulazimika kufaulu jaribio lolote. Alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, iliyoanza kutumika mwaka 1999, hutolewa kwa tairi lililofaulu jaribio la kwenye theluji. Hiyo nayo si sababu ya kumwongezea muuzaji fedha mjini Dar es Salaam.

Tahadhari kubwa ni kwa matairi ya baridi kali yanayokuja yamefungwa kwenye magari kutoka mikoa ya Japani yenye theluji. Meno yake huwa marefu na hupendeza macho, na mnunuzi huona amepata zawadi. Mpira wake ni laini, umetengenezwa kufanya kazi vizuri joto likiwa chini ya nyuzi 7. Kwenye lami ya pwani huisha upesi na huongeza umbali wa kusimama. Gari la namna hiyo likitoka bandarini, fedha ya seti mpya ihesabiwe ndani ya bei ya gari.

ALAMA ZA KUSOMA DUKANI

Zipo alama zinazosaidia kweli, na kuzisoma hakuhitaji fundi.

Ya kwanza ni tarehe. Tarakimu nne za mwisho katika namba inayoanza na herufi DOT huonyesha juma na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Kampuni kubwa kama Michelin na Continental hushauri tairi lisitumike zaidi ya miaka 10 hata kama meno yapo. Tairi "jipya" lililokaa ghalani miaka mitano limeshakula nusu ya umri huo.

Ya pili ni uzito na mwendo. Tairi lenye 95H linabeba kilo 690 na linavumilia kilomita 210 kwa saa. Asinunue mtu tairi lenye namba ya chini kuliko iliyoandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Karatasi hiyo hiyo hutaja saizi na kiasi cha upepo.

Ya tatu ni madaraja ya Marekani yanayochapwa ubavuni. Lipo la kushika barabara yenye maji, kuanzia AA, A, B hadi C. Lipo la kuhimili joto, kuanzia A hadi C. Na ipo namba ya uchakavu, kama 300 au 500; kadiri inavyokuwa kubwa, ndivyo tairi linavyotarajiwa kudumu. Namba hiyo hutolewa na mtengenezaji mwenyewe, hivyo inafaa zaidi kulinganisha matairi ya kampuni moja kuliko ya kampuni mbili. Kwa anayeshuka Kitonga au Lushoto wakati wa masika, herufi ya maji ina thamani kuliko namba ya kudumu.

HESABU YA KWELI

Mfano huu ni wa hesabu tu, si bei ya soko. Seti moja ni ya matairi ya Sh 160,000 kila moja, jumla Sh 640,000, nayo inakwenda kilomita 30,000. Seti nyingine ni ya Sh 240,000 kila moja, jumla Sh 960,000, nayo inakwenda kilomita 55,000. Ya kwanza imemgharimu mwenye gari zaidi ya Sh 21 kwa kilomita. Ya pili, chini ya Sh 18. Aliyelipa zaidi dukani ndiye aliyelipa kidogo barabarani.

Hiyo haina maana kwamba jina kubwa hushinda kila mara. Kwa fowili, matairi manne ya bei ya kati yanayofanana ni bora kuliko mawili ya jina kubwa yakichanganywa na mawili yaliyochoka. Kufanana kuje kwanza, jina lifuate.

Asiye na fedha ya manne kwa mkupuo anazo njia. Ajiwekee akiba tangu meno yanapofika milimita 4, asingoje kipara wala kile kituta kidogo kilicho kati ya meno, ambacho huonyesha kuwa imebaki milimita 1.6 tu. Ahamishe matairi mbele na nyuma kila kilomita 8,000 hadi 10,000 ili yaishe pamoja. Anayeweza, anunue matano, la tano liwe la akiba na liingie kwenye mzunguko huo. Likipasuka moja, yupo ndugu yake wa umri ule ule. Marekani yapo maduka yanayoparura tairi jipya hadi lilingane na matatu yaliyobaki. Hapa huduma hiyo si ya kawaida, na tairi la tano ndilo badala yake.

Wenye Subaru za zamani za otomatiki waangalie pia kisanduku cha fyuzi kilicho chini ya boneti. Nyingi zina nafasi iliyoandikwa FWD. Fyuzi ikichomekwa hapo, gari huvuta mbele tu, na tairi dogo la akiba linaweza kulifikisha kwa fundi wa pancha bila kuumiza sahani za nyuma.

WAUZAJI NAO

Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilisimamisha uzalishaji katika miaka ya 2000, na kile cha Sameer Africa mjini Nairobi kikafungwa mwaka 2016. Kwa sehemu kubwa tairi la gari dogo linalouzwa Dar es Salaam leo limeagizwa, kutoka China, India, Japani, Thailand na kwingineko. Anayechagua kwa niaba ya dereva wa hapa ni mwagizaji, na mwagizaji hufuata kinachotoka haraka.

Hapo ndipo penye nafasi ya biashara. Duka litakalobandika bei ya seti ya manne ikiwa na kufunga, balansi na alaimenti, litakaloonyesha juma na mwaka wa kutengenezwa bila kuulizwa, na litakaloagiza aina moja kwa wingi ili mteja akirudi mwakani alikute tairi lile lile, litakuwa na wateja wasiohama. Mauzo ya tairi moja moja huleta fedha ya siku. Fundi anayemwambia mwenye fowili kwamba "mawili ya mbele yanatosha" anampa punguzo ambalo atakuja kulilipa gereji.

Mnunuzi naye asisubiri maduka yabadilike. Akifika kaunta, swali la kwanza lisiwe tairi moja ni shilingi ngapi. Aulize manne ya aina moja, ya mwaka mmoja, ni bei gani, na kama yapo yote manne.