Tuisheni na gunia la mpunga: Mzazi ananunua nini?

MWEZI Juni katika bonde la Kilombero huja na mambo mawili kwa pamoja. Mpunga unakuwa umevunwa, na shule zinafungwa. Katika wiki hizo ndipo wanunuzi hupata mpunga kwa bei ya chini kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, na ni katika wiki hizo hizo mtoto wa sekondari huleta nyumbani ripoti ya muhula, na mzazi akaambiwa kwamba kijana anahitaji tuisheni.

Kaka yangu ni mkulima huko. Miaka michache iliyopita aliuza magunia sita ili kijana wake wa Kidato cha Pili aje mjini Morogoro kwenye kambi ya masomo ya likizo. Aliponipigia simu kuniarifu, mpunga ulikwishaondoka. "Mdogo wangu, ungeniambia nifanyeje?" alisema. "Kapata tisa kwa mia hisabati."

Tufanye hesabu kwa bei za mfano. Gunia likiwa Sh70,000 mwezi Juni, magunia sita ni Sh420,000. Mpunga huo ukikaa ghalani hadi Januari na bei ikafika Sh100,000, ni Sh600,000. Tukitoa Sh5,000 kwa kila gunia kwa ajili ya mifuko, dawa na kupungua uzito, bado mkulima amepoteza Sh150,000, yaani zaidi ya theluthi moja ya fedha alizopokea. Katika daftari lake ataandika Sh420,000. Gharama halisi ya ile kambi ni Sh570,000.

Sisi wachumi wa kilimo hutumia muda mwingi kumshauri mkulima asiuze wakati wa mavuno, lakini mara chache tunamuuliza ni nini kinachomsukuma kuuza. Tunataja madeni ya pembejeo, ugonjwa na sherehe. Tuisheni haimo katika orodha zetu, wakati kwa kaya zenye watoto wa sekondari inashindana na mbolea moja kwa moja.

Ikumbukwe kwamba elimu ya msingi hadi Kidato cha Nne haina ada katika shule za umma tangu Januari 2016, na kuanzia mwaka 2022 ada iliondolewa pia Kidato cha Tano na cha Sita. Ni hatua kubwa, na watoto wengi waliingia madarasani kwa sababu yake. Hata hivyo, pale ambapo walimu na vyumba havikuongezeka kwa kasi ile ile, mwalimu mmoja alijikuta na darasa kubwa kuliko analoweza kusahihisha madaftari yake. Ada ilitoka mlangoni, na sehemu yake ikarudi kwa jina la tuisheni. Mtaalamu wa elimu Mark Bray, katika kitabu kilichotolewa na UNESCO mwaka 1999, aliuita mfumo huu kivuli cha shule: shule ikibadilika, nacho hubadilika.

Wapo wanaosema dawa ni kupiga marufuku. Korea Kusini ilifanya hivyo mwaka 1980, na mwaka 2000 Mahakama ya Katiba ikaona katazo hilo linavunja katiba. Kenya ilikataza tuisheni za likizo katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013. China nayo mwaka 2021 ilizuia kampuni kufundisha masomo ya shule kwa faida. Kinachotokea kinafahamika kwa yeyote aliyewahi kuona kizuizi cha kusafirisha mahindi: biashara hupita njia za panya na bei hupanda. Mwenye fedha huendelea kununua, na asiye nazo huachwa.

Katazo moja tu ninaliunga mkono bila kusita, nalo ni la mwalimu kumtoza mwanafunzi wake mwenyewe kwa somo lile lile analolipwa mshahara kulifundisha. Siwalaumu walimu kwa jumla, maana wengi hubaki na watoto jioni bila malipo. Lakini mtu akilipwa mara ya pili kwa kile alichokiacha mara ya kwanza, atajifunza kuacha kingi zaidi.

Sasa turudi kwenye ile kambi. Nilikwenda kumtembelea kijana siku ya nne. Katika ukumbi nilihesabu watoto zaidi ya tisini. Mwalimu alikuwa hodari wa kuzungumza, akaandika ubaoni maswali ya mitihani iliyopita pamoja na majibu yake, nao wakanakili. Hakuna daftari lililosahihishwa wiki nzima. Kijana alirudi kijijini na madaftari mawili yaliyojaa majibu sahihi ya watu wengine.

Aliyemsaidia ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, jirani wa shemeji yake, ambaye hakuna tangazo lake lililobandikwa kwenye nguzo yoyote. Siku ya kwanza mzee huyo hakufundisha. Alimpa maswali kumi ya darasa la tano na la sita, akakaa kimya akimtazama anavyoyakokotoa. Ndipo ikajulikana kwamba kijana hajui kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, na namba hasi zinamchanganya. Aljebra ya Kidato cha Pili ingesimama juu ya nini? Aidha, swali la mafumbo lililomshinda kwa Kiingereza alilimaliza kwa dakika tatu liliposomwa kwa Kiswahili. Tatizo lake la pili lilikuwa lugha, na hakuna mtu aliyekuwa amelitafuta.

Mkulima ataelewa haraka. Huwezi kununua mfuko wa mbolea kabla ya kujua udongo umepungukiwa nini, au unaweza, lakini utakuwa umemwaga fedha shambani. Mwalimu wa ziada ambaye siku ya kwanza anaanza na mada mpya bila kumpima mtoto, mimi ningemshukuru na kumwambia asirudi.

Je, ni lazima awe na shahada? Ushahidi mmoja mzuri unatoka India, katika miji ya Mumbai na Vadodara. Wasichana waliomaliza sekondari, wakazi wa maeneo hayo hayo, walipewa watoto waliobaki nyuma na kuwafundisha stadi za msingi kwa saa mbili kila siku katika vikundi vidogo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba watoto hao walipanda, hasa wale waliokuwa dhaifu zaidi. Miongoni mwa watafiti walikuwamo Abhijit Banerjee na Esther Duflo, ambao mwaka 2019 walitunukiwa Nobel ya uchumi pamoja na Michael Kremer, aliyefanya tafiti zake nyingi magharibi mwa Kenya. Kwa mtoto wa Kidato cha Nne anayetaka fizikia, mjuzi wa fizikia anahitajika, hapo hakuna mjadala. Lakini kwa pengo la darasa la tano, kijana wa kijijini aliyefaulu vizuri na mwenye subira anatosha, tena kwa bei nafuu.

Malipo nayo yana maana yake. Kambi hulipwa yote mapema, na mzazi akishalipa hana la kusema. Yule mzee alitaka Sh5,000 kwa kipindi, vipindi viwili kwa wiki, akalipwa kila mwisho wa mwezi. Kaka yangu alitafuta wazazi wengine wawili wenye watoto wenye pengo kama hilo. Kwa wiki kumi na mbili, Agosti hadi Oktoba, vipindi vilikuwa 24 na jumla Sh120,000. Kila kaya ikatoa Sh40,000. Hizo ni fedha ambazo kuku kadhaa na kikundi cha kuweka na kukopa vinaweza kuzitoa bila mtu kugusa ghala. Walisomea barazani kwa kaka yangu, mbele ya macho ya watu, na wenye watoto wa kike wasilione hilo kuwa jambo dogo.

Lipo pia suala la wakati. Mkulima wa korosho wa Mtwara na Lindi huanza kupata fedha za minada kuanzia Oktoba, na mtihani wa Kidato cha Nne ni Novemba. Akisubiri msimu ndipo alipe mwalimu, atakuwa ananunua mwezi mmoja wa kukariri. Afadhali atenge sehemu ya malipo ya msimu huu kwa ajili ya Januari, mtoto anapoanza mwaka, na amuulize mwalimu wa darasa ni kipi hasa kimekosekana. Swali hilo halilipiwi, ingawa wazazi tunaoliuliza ni wachache.

Matokeo ya upimaji yalipotoka, kijana wetu alipata D ya hisabati. Kaka yangu alinitumia ujumbe wa simu wenye herufi hiyo moja, na chini yake bei ya gunia ya siku ile.