Kivimbe Kilichokatwa Kisitupwe



Katika mji wetu wa Likasi hakuna mnunuzi anayelipia jiwe la shaba kwa kutazama rangi yake tu. Kipande hupelekwa maabara, kipimwe kiasi cha madini kilichomo, ndipo bei itajwe. Yasikitisha kwamba uvimbe uliotolewa katika titi la mama au dada mara nyingine hautendewi hivyo: hukatwa, hutupwa, na mgonjwa huambiwa amepona. Desturi hiyo haifai, na sababu ni hii.

Vivimbe vingi vya matiti ya wasichana si kansa. Vinavyojulikana zaidi huitwa adenofibroma. Huteleza chini ya kidole na havidhuru. Lakini uko uvimbe mwingine wa nadra, usiofikia mmoja kati ya vivimbe 100 vya matiti. Johannes Müller, mtaalamu wa Ujerumani, aliueleza mwaka 1838, akaupa jina la filodesi, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kufanana na jani, kwa kuwa ndani yake mna mikunjo kama ya majani. Huonekana zaidi kwa wanawake wa miaka 40 na kitu, ingawa vijana nao huupata. Kwa kidole, hata kwa ekografia, waweza kufanana kabisa na adenofibroma.

Tofauti hiyo si ya majina tu. Adenofibroma yaweza hata kuachwa, ikawa inachunguzwa tu. Filodesi huondolewa yote, isibaki hata kidogo, kwani huweza kuota tena. Na ile iliyo mbaya huweza kusafiri kwa njia ya damu hadi mapafuni. Anayeamua ni mtaalamu atazamaye nyama hiyo kwa darubini. Sindano huchota sehemu ndogo. Kwa hiyo mara nyingine jibu la hakika hupatikana uvimbe mzima ukiisha kutolewa.

Wengine watasema: kupima nyama hadi Lubumbashi, kilomita 120 hivi, ni gharama. Ni kweli. Lakini mgonjwa hahitaji kusafiri; kinachosafiri ni chupa. Nyama ikitiwa upesi katika formalini, iliyo nyingi kuliko nyama yenyewe mara kumi, haiozi njiani. Safari ya chupa ni nafuu kuliko upasuaji wa pili.

Basi, ndugu yenu anapokwenda kupasuliwa, mwulizeni daktari kwa heshima, kabla ya siku ile: «Nyama hii itapimwa wapi?» Changeni nauli ya chupa kama mnavyochanga kwa ajili ya msiba. Fuateni majibu, karatasi yake itunzwe. Na kabla majibu hayajafika, asiwepo wa kutamka kansa, wala uchawi, wala kwamba si kitu. Kumpenda mgonjwa ni pamoja na kumtafutia jina la kweli la ugonjwa wake.