Sanamu za Geita

Februari, 2023, mtu mmoja alivamia Kanisa Kuu la Jimbo Katoliki la Geita, akavunja misalaba na sanamu. Kanisa likafungwa kwa toba.

Sisi tuliosomeshwa chuo cha Kurani twaamini kuwa Mwenyezi Mungu hafananishwi na chochote. Wakristo wenyewe hawakuafikiana: ndugu wa AIC, walio wengi Usukumani, hawaweki sanamu makanisani mwao. Na wajadiliane, hilo ni lao.

Lakini atakayesema, awe wa bara au wa visiwani, kwamba kilichovunjwa kilikuwa plasta tu, tunampinga. Kifungu cha 125 cha Kanuni ya Adhabu hulinda kitu kinachotukuzwa na kundi lolote la watu. Hakiulizi iwapo hakimu naye anakitukuza. Watendaji wetu wakisome kabla hawajaitwa kusuluhisha.